Binti Amekosa Hedhi: Je, Anakula Vipi?

Kama unapika, endelea kupika huku ukisikiliza. Na kama binti yako yuko karibu, usimfukuze, kwa sababu mazungumzo ya leo yanamhusu yeye zaidi hata kuliko wewe.

Leo tunazungumza juu ya chakula na hedhi. Tutaangalia jinsi kukonda, kujinyima chakula au kukosa chakula kunavyoweza kuvuruga siku za mwezi na hata kuzikatiza kabisa.

Shule zimefungwa, na msichana wa kidato cha pili amerudi nyumbani kutoka bweni. Sketi inamlegea kiunoni. Unapomsaidia kufua nguo unakuta pakiti za visodo ulizomnunulia muhula ulipoanza. Bado zimo sandukuni, hazijafunguliwa. Moyo unakuruka. Neno la kwanza linalokujia kichwani ni moja tu: mimba.

Hofu hiyo ina msingi, na hatutakuambia uiache. Msichana aliyevunja ungo akikosa hedhi, mimba ndiyo inayotafutwa kwanza. Maduka ya dawa huuza kipimo cha mkojo, na kituo cha afya kinaweza kumpima. Lakini kipimo kikionyesha kwamba hana mimba, mama wengi hushusha pumzi, humshukuru Mungu, na habari huishia hapo. Msichana hurudi shuleni jinsi alivyokuja. Hedhi bado imekatika, na mwili hauikatizi bila sababu. Kuna swali la pili ambalo halikuulizwa: mtoto huyu anakula vipi?

Kabla ya kufika huko, tukumbushane jinsi ya kuhesabu. Mzunguko wa hedhi huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata. Kwa mwanamke mzima, siku 21 hadi 35 ni kawaida. Kwa msichana aliyeanza hedhi miaka michache tu iliyopita, hata siku 45 si jambo la kushtua, kwa sababu mwili wake bado unajifunza. Kwa hiyo akichelewa wiki moja wakati wa mitihani, usimburute hospitalini. Tunalozungumzia leo ni hedhi iliyokuwa ikija vizuri, kisha ikaanza kuruka miezi, au ikapotea miezi 3 na zaidi.

Sasa, chakula kinaingiaje hapa? Watu wengi hudhani hedhi ni jambo la tumbo la uzazi peke yake. Sivyo. Amri hutoka kichwani. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Hii hutuma ujumbe kwa tezi iliyo chini yake, nayo tezi hutuma homoni kwa ovari, yaani mifuko ya mayai. Ovari hukuza yai na kutoa homoni nyingine iitwayo estrojeni. Yai likitoka na mimba isipotungwa, baada ya wiki 2 hivi hedhi huja.

Haipothalamasi haifanyi kazi hiyo bila kuangalia ghala. Inapokea habari kutoka mwilini kuhusu chakula kilichoingia na mafuta yaliyohifadhiwa. Wewe mama unaujua uamuzi wake, kwa sababu unaufanya kila mwezi. Pesa zikipungua, unga unanunuliwa, mafuta ya taa yananunuliwa, na ule mpango wa kuongeza chumba unangoja. Mwili nao hufanya vivyo hivyo. Moyo lazima upige, mapafu yavute hewa, damu ibaki na joto lake. Kubeba mimba kunaweza kungoja. Basi ubongo hupunguza ule ujumbe, mayai hayapevuki, na hedhi hukoma.

Jambo hili limeonekana wazi katika historia. Majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, njaa kali iliingia magharibi mwa Uholanzi baada ya Wajerumani kuzuia chakula. Karibu nusu ya wanawake walikosa hedhi. Miezi tisa baadaye idadi ya watoto waliozaliwa ilikuwa imeshuka sana. Nchi ilipokombolewa mwezi wa Mei 1945 na chakula kikarudi, hedhi nazo zilirudi.

Huenda unasema, hiyo ilikuwa vita, sisi tuna ugali mezani. Ni kweli, lakini haihitajiki vita. Mwaka wa 2003 watafiti wa Marekani waliripoti juu ya wanawake vijana wenye afya nzuri ambao walipunguziwa nguvu ya chakula kwa siku 5 tu. Nguvu iliyobaki baada ya mazoezi iliposhuka chini ya kiwango fulani, ujumbe wa homoni kutoka kichwani ulianza kuvurugika. Siku 5! Hedhi yenyewe haikatiki kwa siku 5, lakini unaona jinsi ubongo unavyohesabu upesi.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanafikiri ni lazima msichana awe amebaki mifupa mitupu ndipo hedhi ikatike. Hapana. Msichana mwenye mwili wa kawaida, anayecheka na kucheza, anaweza kukosa hedhi kwa sababu anachokula ni kidogo kuliko anachotumia. Ukimtazama kwa macho tu hutajua. Inabidi uulize.

Tuwaangalie wasichana wa bweni. Huyu haendi chakula cha jioni kwa sababu foleni ni ndefu na mabinti wa vidato vya juu wanamsukuma. Yule alikuta wadudu kwenye githeri mara moja tu, akaapa hataila tena. Mwingine aliitwa tipwatipwa na wenzake, sasa anakunywa chai ya rangi asubuhi na kugawa chakula chake cha mchana. Na sisi watu wazima pia tuna lawama. Mtoto anashuka kwenye gari, hata hajasalimia, shangazi ameshasema, "Umenona wewe!" Tunasema kwa furaha, lakini msichana wa miaka 15 anayasikia kwa namna nyingine. Maneno hayo tuyaache.

Kundi la pili ni wakimbiaji, na hapa Kenya lazima tulizungumzie kwa kirefu. Kuanzia Iten hadi Kaptagat, wasichana wengi wanakimbia wakiwa na ndoto ya kuinua familia. Ni ndoto nzuri. Lakini hebu tupige hesabu. Msichana wa kilo 50 akikimbia kilomita 10 hutumia kalori 500 hivi. Hizo ni sawa na zilizomo katika gramu 140 za unga wa mahindi, yaani sahani nzima ya ugali. Sahani hiyo imeteketea kabla jua halijapanda, na pengine ameondoka nyumbani na kikombe cha strungi tu tumboni. Baada ya hapo anatembea kwenda shule, anasoma, anarudi, anachota maji, na jioni anakimbia tena. Asipoongezewa chakula, ghala lake litapungukiwa hata kama anakula sawa na ndugu zake.

Utafiti juu ya wakimbiaji wasichana wa Kenya wa miaka 16 na 17, uliochapishwa mwaka wa 2016, ulionyesha kwamba wako katika hatari ya upungufu wa nguvu mwilini na ya kuvurugika kwa hedhi. Yaani hawa ni watoto wetu, si wazungu wa kwenye televisheni.

Wako makocha, na hata wazazi, wanaosema hedhi ikikoma ni dalili kwamba mazoezi yamekolea. Wengine hufurahi kwamba msichana hasumbuliwi na visodo. Tunasema bila kuzungukazunguka: hilo si kweli, na linaumiza. Hedhi inapokoma kwa sababu hii, estrojeni imeshuka, na estrojeni ndiyo mlinzi wa mifupa. Sehemu kubwa ya mfupa ambao mwanamke atautumia maisha yake yote hujengwa wakati wa ujana. Msichana anayepoteza miaka miwili au mitatu hapo anaingia utu uzima na mifupa hafifu, na si yote itakayorudi baadaye. Mkimbiaji huanza na maumivu ya muundi au ya mguu ambayo hayaishi, kumbe mfupa umepata ufa. Msimu umekwisha. Akirudi bila kurekebisha chakula, mfupa mwingine unapasuka. Mwaka wa 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa maelezo juu ya hali hii ya upungufu wa nguvu kwa wanamichezo, ikaeleza kwamba inagusa pia moyo, kinga ya mwili na ukuaji, na kwamba wavulana nao huipata, ila wao hawana hedhi ya kuwaonya. Kwa hiyo, mama wa mkimbiaji, muulize kocha kuhusu hedhi kama unavyomuuliza kuhusu viatu.

Sasa tuje kwako wewe mwenyewe, mama. Harusi ya mdogo wako iko karibu, gauni halifungi, na jirani amekuletea pakiti ya majani ya chai ya kupunguza uzito. Nyingi za chai hizo ni dawa za kuharisha. Kilo inayopotea ni maji, nayo hurudi. Nyingine zina hatari zaidi. Dawa iitwayo sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka wa 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo, lakini imegunduliwa mara nyingi ikiwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba mitupu. Siku hizi kuna pia sindano za kupunguza uzito. Hizo ni dawa za kuandikiwa na daktari, si za kununua kwa mtu mtaani, na hazifai kwa mjamzito wala anayetafuta mimba.

Kupunguza uzito si kosa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mmoja kati ya kila wanawake watatu wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 alikuwa na uzito uliopita kiasi, na uzito mkubwa nao huvuruga hedhi. Mafuta mengi mwilini hubadilisha homoni, mayai yakashindwa kupevuka, na mwanamke akakaa miezi bila kuona siku zake au akatokwa na damu nyingi bila mpangilio. Kwa mwanamke wa namna hiyo, kupungua kidogo huwa tiba. Asilimia 5 hadi 10 ya uzito inaweza kutosha kurudisha hedhi. Kwa mwenye kilo 80, hizo ni kilo 4 hadi 8, wala haihitaji kuwa mwembamba kama fimbo. Lakini apungue polepole, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, akipunguza sukari, soda, mandazi na mafuta ya kukaangia, na akitembea. Asifunge mdomo. Tena ajue kwamba hedhi ikirudi, uwezo wa kushika mimba nao umerudi.

Wapo ambao hawakuchagua kukonda. Mvua imekosekana, mifugo imekufa, na mama anagawa chakula kwa watoto, kwa mzee, kwa mgeni, kisha anakwangua sufuria. Kumwambia mama huyu "kula vizuri" ni kama kumkejeli. Tunachoweza kumwambia ni kwamba hedhi yake iliyopotea si laana wala si utasa, na kwamba aende kituo cha afya apimwe, hasa kama ana mimba au ananyonyesha, kwa sababu kuna misaada ya chakula inayotolewa kwa kupima mzingo wa mkono. Na baba, kama unatusikiliza, angalia nani anakula mwisho nyumbani kwako.

Kuna mambo mengine mawili matatu tunayosikia sana. Watu husema damu isipotoka hujaa tumboni ikawa uchafu na sumu. Katika hali tunayoizungumzia hapa, hakuna damu iliyojaa, kwa sababu ukuta wa tumbo la uzazi haukujengeka. Kwa hiyo dawa za "kuteremsha" hedhi hazina cha kuteremsha, na kama kuna mimba zinaweza kuleta maafa. Wengine husema asiyeona hedhi hawezi kupata mimba. Si kweli. Yai hutangulia, damu hufuata. Mwili ukianza kupata nafuu, yai la kwanza linaweza kutoka kabla hujaona chochote, na ukashika mimba bila kuona hata siku moja ya hedhi.

Tena si kila hedhi iliyokosekana ni ya chakula. Sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi huikatiza mara nyingi, na hiyo si hatari ya aina hii. Vipandikizi navyo hufanya hivyo kwa baadhi ya wanawake. Mama anayenyonyesha usiku na mchana bila kumpa mtoto kitu kingine anaweza kukaa miezi mingi. Magonjwa ya tezi ya shingo, kisukari, kifua kikuu na virusi vya ukimwi pia huweza kukondesha mtu na kuvuruga hedhi. Mtu anayekonda bila kutaka, anayekohoa wiki 2, au anayeloa jasho usiku, aende akapimwe mara moja, asingoje kuhesabu miezi.

Basi ufanye nini na binti yako? Kwanza, usianze na kesi. Mchukue pembeni, mkiwa mnachambua mboga au mnamenya viazi, mwambie, "Mwanangu, nimeona umepungua, na mimi sina hasira. Siku zako zilikuja lini mwisho? Huko shuleni unakula saa ngapi?" Kisha nyamaza. Mwache azungumze hata kama jibu linachelewa.

Ukigundua anajinyima, au anajitapisha baada ya kula, au anafanya mazoezi kwa siri usiku, usimlazimishe sahani kwa fimbo. Huo ni ugonjwa wa akili na mwili kwa pamoja, unatibika, na unahitaji daktari na mshauri. Zungumza pia na mwalimu wa malezi shuleni.

Kama ni chakula kimepungua tu, rudisha. Asile mara mbili, ale mara tatu na katikati aongeze kitu. Uji mzito wa asubuhi uliotiwa maziwa au njugu zilizosagwa. Viazi vitamu au nduma badala ya strungi tupu. Maharagwe au ndengu, omena, yai, maziwa ya mala, parachichi ambalo hapa kwetu huoza chini ya mti. Mkimbiaji ale kitu kidogo kabla ya kukimbia na ale tena mara tu anaporudi, asingoje saa ya mapumziko. Pengine itabidi apunguze mbio kwa muda. Usitarajie hedhi wiki ijayo. Uzito hurudi kwanza, hedhi hufuata, na inaweza kuchukua miezi kadhaa.

Mpeleke kwenye kituo cha afya ikiwa amekosa hedhi miezi 3, au amefika miaka 15 na hajaanza kabisa, au ana maumivu ya mfupa yasiyoisha, kizunguzungu au kuzimia. Atapimwa uzito na urefu, mimba, na pengine damu ili kuangalia homoni. Ukipewa vidonge vya kupanga uzazi ili "kurudisha hedhi", uliza swali moja zaidi. Vidonge hivyo huleta damu kila mwezi, ndiyo, lakini havijazi ghala na havitibu mifupa. Vikimfanya kila mtu atulie huku binti bado hali, tatizo limefunikwa tu. Mwombe daktari azungumze pia juu ya chakula.

Na uanze leo kuweka alama kwenye kalenda, ile ya ukutani inatosha. Siku ya kwanza ya damu, duara. Mfundishe binti kufanya hivyo kwenye daftari lake la shule, ili mtakapofika kwa daktari muwe na tarehe mkononi.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya upungufu wa damu kwa akina mama, na kwa nini kikombe cha chai tunachokunywa pamoja na chakula kinatunyima madini ya chuma. Hadi wakati huo, kwaherini.